Kompyuta Haikunishinda

Admin, naomba ufiche jina langu, mwanangu anafuatilia sana ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, naishi Bariadi, nalima pamba. Moyo wangu umejaa uchungu.

Miaka ile kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, nilikuwa mpiga chapa kwenye kampuni moja hapa mjini. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu nitakayemwita Mama K. Kompyuta ilipoletwa, Mama K alikuwa ameungua mkono wa kushoto kwa mafuta ya maandazi, vidole vimekakamaa. Kushikilia kitufe cha herufi kubwa huku anaandika kulimtoa machozi, na bosi alishaanza kulalamika kwamba barua zinachelewa.

Nilimhurumia. Wenzangu wakienda kula mchana, mimi nabaki naichokonoa ile programu ya kuandikia, mpaka nikaipanga: ukiweka nukta na kuanza sentensi nyingine, herufi ya kwanza inakuwa kubwa yenyewe. Mama K alinikumbatia akalia. Nikamfundisha na namna ya kuipanga, ili ikivurugika nisipokuwepo asikwame.

Nikaenda kijijini Zagayu kumzika baba. Niliporudi, meza yangu imeondolewa. Bosi akaniambia, "Kazi sasa ni ya mtu mmoja. Mwenzako ameifundisha mashine, nimemwona kwa macho yangu akiipanga. Wewe kompyuta imekushinda." Nikamgeukia Mama K aseme ukweli. Akainama, akaendelea kuandika.

Maneno yale yalinifuata hadi nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa ananisimanga nayo tukigombana, na mwanangu amekua akiyasikia. Hata simu aliyoninunulia ananiwekea kila kitu mwenyewe. "Mama acha, utaiharibu."

Sasa mwanangu huyohuyo kapata mchumba. Tumeenda kwao kujitambulisha, mlango unafunguliwa, nani? Mama K! "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kana kwamba hatujawahi kuonana. Wakati wa chakula akawasimulia wageni jinsi alivyoifundisha kompyuta kuweka herufi kubwa. Mwanangu akacheka kwa fahari: "Mama, umemsikia mama mkwe? Wewe ilikushinda!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, jamani.

Tulipotoka, Mama K akanivuta pembeni, akanishika kwa vidole vilevile vyenye kovu. "Dada, yale tuyaache. Watoto wanapendana."

Binti hana kosa, ana heshima, nampenda. Lakini ng'ombe niliowapata kwa jembe, baada ya kunyang'anywa ile kazi, ndio wanakwenda zizini kwa Mama K kuwa mahari. Wanapelekwa mwezi ujao. Nikisema, nitaonekana navunja ndoa ya mwanangu kwa wivu. Nikinyamaza, nitazikwa huku mwanangu akiamini mama yake hakujua kitu.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Nimwambie mwanangu kabla ng'ombe hawajatoka, au nicheke tena?