Nyumba Haifagiwi Mtu Akiwa Angani

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mtu wangu akipanda ndege sifagii nyumba. Nikiulizwa husingizia mgongo, mara kazi za chuo, mara umeme umekatika, kana kwamba ufagio hutumia umeme. Lakini mficha uchi hazai: naogopa, na woga wangu unanuka majivu ya jikoni kwa Koko, mama yake baba, kule Kashebere.

Msimu ule wa mvua tumbo la mama lilivimba, ikabidi apasuliwe. Mjomba aliishi Kinshasa, karibu na hospitali kubwa. Baba akampeleka kwa pikipiki hadi kipande cha lami upande wa Walikale, ambako ndege ndogo zilitua barabarani kabisa kuchukua magunia ya mawe ya madini ya bati, baada ya watu kufukuza mbuzi. Wote wawili wakaketi juu ya magunia. Goma wangepanda ndege kubwa. Asubuhi hiyo nilishika ufagio kama kawaida, Koko akaninyang'anya. “Weye mutoto! Mama yako iko ku njia, unafagia nyayo zake? Atarudia wapi?” Koko alikuwa binti wa wawindaji. Kwao, mtu akiingia porini, nyumba haifagiwi na moto hauzimwi mpaka irudi habari kwamba amefika. Jumapili aliketi mstari wa mbele kanisani, na majivu yakazidi kurundikana.

Jirani yetu mwalimu akaja na ramani na rula. “Mama, Goma na Kinshasa iko kilometa elfu moja na mia tano na kitu. Na ndege, masaa mbili ao kidogo zaidi. Amekwisha kufika!” Koko alicheka mpaka akakohoa. “Masaa mbili? Mimi na masaa mbili sifike hata Masisi! Kinshasa iko nyuma ya pori ngapi? Mwezi utakufa, utazaliwa tena.”

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kwa hesabu ya mwalimu, mama alikuwa amefika zamani. Basi mbona kimya? Na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hesabu ya Koko, alikuwa bado anavuka misitu, mzima. Mimi, wa kwanza darasani katika hesabu, nikaitupa rula, nikachagua miguu ya Koko. Kila siku nilimvusha mama mto mmoja. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, nilijificha nyuma ya mtungi ili habari isinikute. Maganda ya mihogo yalitufika vifundoni ndipo dereva wa lori kutoka Goma alipopaza sauti bila kusimama: “Koko! Wamemupasua, iko muzima, anakula!” Koko aliketi chini, akalia, kisha akanipa ufagio.

Mwezi uliopita binti yangu aliruka kutoka Kinshasa kwenda Addis Ababa kusoma. Karibu kilomita elfu tatu, mwendo wa saa nne hivi. Nilitazama kindege kikitambaa juu ya ramani ya simu. Habari siku hizi huipita ndege, lakini woga wangu bado unatembea kwa miguu. Kindege kikatoweka kwenye kioo. Sakafuni yalikuwapo makombo ya mkate wake wa asubuhi. Nikayazunguka, nikayazunguka tena, simu ikalia.

“Mama, nimefika. Unaweza kufagia.”

Sikuwahi kumwambia. “Kufagia nini?”

“Mama,” akasema, akicheka. “Kamata fagio.”