Tambi 16,384 za Guizhen

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Lanzhou. Han Guizhen anajipaka unga viganjani, ananyanyua bonge la unga wa ngano uliokandwa, na mkahawa mzima unaacha supu ipoe.

Leo anawania dirisha la mbele, pale mvuta tambi anapoonekana na mtaa mzima. Miaka tisa amekuwa akivuta tambi jikoni nyuma, ndani ya mvuke. Sasa mwenye mkahawa huu wa Kiislamu, Ma Delin, ameahidi: atakayekunja mara kumi na nne bila nyuzi kukatika wala kugandana, dirisha ni lake.

Hakuna anayehesabu nyuzi. Inahesabiwa mikunjo: bonge linavutwa, linakunjwa katikati, linavutwa tena, na kila mkunjo huzidisha nyuzi mara mbili.

"Mbili! Nne! Nane!" wateja wanapaza sauti.

Mwezi uliopita alishindwa. "Niliufanyia unga wa kunyunyizia ubahili kwenye mkunjo wa kumi," anasema. "Nyuzi mbili zikagandana. Kufika wa kumi na nne, mapacha wale wakawa jozi kumi na sita. Kosa nalo linakunjwa, ndugu yangu!"

Leo haonei unga huruma. Mkunjo wa kumi na tatu: nyuzi 8,192, laini kama nywele za mtoto mchanga.

"Umefika nusu tu, dada!" anamchokoza Bai Yulong, dereva wa basi mstaafu.

"Nusu iliyobaki ni mkunjo mmoja, mzee. Kunywa supu yako!"

Anakunja. Anavuta. Mtu anapanda juu ya kiti.

"Elfu kumi na sita mia tatu themanini na nne!"

Namba hii ina raha yake. Igawe nusu, na nusu yake tena, na tena. Haikatai wala haibakizi kitu, mpaka ufike moja. Ipunguze uzi mmoja tu, inagoma kugawanyika nusu hata mara ya kwanza.

Bwana Ma anatandaza nyuzi chini ya taa, anazikagua, kisha anachomoa mmoja na kuupitisha kwenye tundu la sindano. Unapita.

"Hakuna mapacha," anatangaza. "Guizhen, hamia dirishani."

Mkahawa unalipuka kwa vifijo. Guizhen anacheka huku machozi yanamtiririka, unga umemjaa mashavuni. Furaha yake haina kificho.

Kabla ya Idi, anasema, anataka kufika mkunjo wa kumi na tano.

"Dada, hizi zote hazijakutosha?" anauliza Mzee Bai.

"Hizi?" Guizhen tayari ananyanyua bonge jingine. "Siku hiyo, mzee, hizi zitakuwa nusu."