Ukimya wa Vyerehani vya Wete

Sijaisahau asubuhi ile ya Ilford, hapa London, mwanangu, na nakuhadithia leo kwa sababu umeniambia kazi uliyopata ni ya kupima ushirikiano wa nchi na nchi: mashine ngapi zimevuka, mitambo mingapi, nani kampa nani ujuzi. Viashiria, umeviita. Neno zuri. Mimi skuli niliiacha ningali nasoma kwa kidole, lakini leo maghala mawili pale Barking yana jina langu mlangoni, na kontena likifungwa na mtu asiyejua kazi, nalitambua kwa kulitazama tu. Basi msikilize baba yako, aliyejijenga kwa mikono yake.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa Mzee Kanji. Alizaliwa Unguja mjini, akaondoka na familia yake baada ya mapinduzi, na mwisho akafungua duka la vifaa vya ushoni huku Ilford. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa, na akikasirika ndipo kilipozidi utamu. Alinipa chumba juu ya duka bila kuniuliza nitakaa mpaka lini.

Wakati huo kiwanda kimoja cha nguo upande wa Stratford kilifungwa, vyerehani vyake vikawa vinatupwa. Vizito, vya umeme, vinapita kwenye jinzi kama kwenye karatasi. Nikaviomba. Nikazunguka kwa Wazanzibari wenzetu, kila mmoja akachangia usafiri, nikavipeleka Wete, Pemba, kwa shangazi yako Asha. Asha alikuwa kafiwa na mume, ana watoto wadogo, na yeye na wajane wenzake walikuwa wameahidiwa kazi ya kushona sare za skuli. Wakiiweza, watakula kwa jasho lao. Wakishindwa, itapewa wengine, naye Asha atarudi kukaa kwa mawifi ambao hawakumtaka.

Nilivimba kichwa, sikufichi. Kila arusi, kila futari, nilikuwa nawaambia watu kwamba vimefika vyote, hata mkwaruzo havina. Nikimpigia Asha simu, ananipa shukrani na dua. Basi nikakusanya vyengine, vya aina ileile, kontena la pili likawa karibu kufungwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa najisifu dukani. Mzee Kanji alikuwa akipanga sindano kwenye droo, hakuinua kichwa.

"Wamekuomba sindano?"

"Hawajaomba kitu, mzee. Hawajalalamika hata siku moja."

"Mikanda? Mafuta? Hata kuuliza uzi unapitishwa wapi?"

"Hata. Si nimekwambia, kazi yangu safi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Safi mno, inanitia hofu. Cherehani kikifanya kazi kinakula sindano kama mtoto anavyokula peremende, na sindano za aina hii Pemba hazipatikani. Wewe unahesabu vilivyotoka hapa. Vinavyoshona kule umevihesabu lini?"

Nikamjibu kwamba dada yangu angesema. Akacheka, lakini si kwa kebehi.

"Mimi nimezaliwa kule, kijana. Tangu lini zawadi ikatiwa kasoro? Mama yako alikulea hivyo?"

Kwetu ukiletewa kitu unakipokea kwa mikono miwili na unamwombea aliyeleta. Kikiwa kibovu, unakaa nacho kimya. Adabu hiyo nililelewa nayo, na bado ukimya wa Asha niliuchukulia kuwa ni furaha.

Mzee Kanji akanisogezea simu ya duka, akachukua mwavuli, akaenda kusimama nje kwenye mvua ili mimi na dada yangu tuongee peke yetu.

Asha akaanza na dua kama kawaida. Nikamkatiza, nikamwomba aniambie kweli, kama ndugu yangu, vinashona au havishoni.

"Havijawaka, kaka. Fundi anasema vinataka umeme wa viwandani, wa njia tatu. Sisi tuna huu wa taa tu. Tumevifunika kanga visiingie vumbi."

"Mbona hukusema, Asha?"

"Ningeanzia wapi? Watu wamechanga, wewe umevibeba kwa mgongo wako. Nikuvunje moyo?"

Sare alikuwa akizishona kwa mkono, vidole vimemvimba, na mwenye kazi alikuwa ameshaanza kutafuta mafundi wengine.

Kontena sikulifunga. Mzee Kanji alinionyesha namna ya kubadilisha mota, tukatafuta zinazokubali umeme wa nyumbani, tukazituma kwa ndege. Fundi wa Wete akazifunga, mimi nikimwelekeza kwa simu. Na mara hiyo, wallahi, simu zilianza kunisumbua. Sindano zimekatika. Mafuta yamekwisha. "Mikanda yako mirefu, kaka, hukupima?" Asha ananigombeza, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

"Sasa mnashirikiana," Mzee Kanji akasema.

Asha alibaki na kazi ile, na watoto wake aliwalea nyumbani kwake mwenyewe. Fundi yule naye akatufundisha sisi wa London kuzikinga mota na hewa ya chumvi. Mpaka leo, hakuna mtu anayefunga mashine za kwenda pwani kama mimi, na ujuzi huo umetoka Wete.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipima, usiishie kwenye vilivyopelekwa. Tafuta vinavyotumika. Tafuta nani anauliza, nani anaomba kipuri, nani ana uhuru wa kusema hiki hakifai, na kipi kimerudi kutoka upande wa pili. Na mahali ambapo hakuna malalamiko kabisa, usiandike kwamba wameridhika. Piga simu, na uulize kwa upole, kama unavyomuuliza ndugu.

Mungu akupe sikio la kusikia wasiosema, akulinde katika mji huu, na kazi ya mikono yako iwashibishe watu usiowajua. Amina, mwanangu.