Kuku Aliyefungwa Mguu

Watu wengine harufu huwaingia puani. Harufu ya nta mimi hunishika mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Mwezi uliopita nilipita sokoni Mpanda, upande wa wauza asali, nikamkuta mama mmoja akiyeyusha nta kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeinama katikati ya watu najikuna muundi. Yule mama akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu. Alinitazama vibaya, lakini nyie nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Kasokola, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati upande mmoja na nyasi upande wa pili, kwa sababu bati ziliishia katikati ya paa. Baba alikuwa amekwenda Tabora kwenye kazi ya ujenzi. Nyumbani tulibaki mimi, Mama na mdogo wangu wa mgongoni, pamoja na Bibi, mama yake Baba.

Bibi alikuwa na magoti yenye ratiba yake. Asubuhi hakusimama mara moja kama sisi. Aliketi kwanza ukingoni mwa kitanda, akayasugua kwa viganja, akasimama nusu, akapumzika akiwa ameshika ukuta, kisha akamalizia nusu iliyobaki, na magoti yakalia kama kuni kavu zinazokanyagwa. Watu waliita baridi yabisi. Mvua ikikaribia yalivimba, na kuchuchumaa mbele ya mafiga hakukuwezekana tena. Alipikia juu ya kigoda. Jua likitoka alinyoosha miguu barazani, kila goti na kifuko chake cha chumvi ya moto.

Nami nilikuwa hodari wa kumwigiza. Niliwakusanya watoto wenzangu nyuma ya jiko, nikashika kiuno, nikaguna, nikatembea kama yeye, wakaanguka kwa kicheko. Siku moja alinikuta katikati ya mchezo. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, "umekosea. Kiuno nashika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una fimbo. Rudia."

Nikarudia, naye akanisahihisha mpaka akaridhika.

Mguu wangu ulivunjika mwanzoni mwa Januari, mahindi yakiwa usawa wa goti. Jirani zetu Wasukuma walikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, na sisi watoto tulikuwa na kazi moja: kuudandia kwa nyuma na kuruka kabla mwenyewe hajageuka na fimbo. Siku hiyo aligeuka mapema. Niliruka vibaya kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, nikasikia mlio kabla ya maumivu.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatwa na maji. Na niseme ukweli, hata kama isingekatika, kwetu mfupa uliovunjika ulikuwa mali ya Mzee Lugwisha. Alikaa ng'ambo ya mto, lakini wiki ile alikuwa kijijini kwetu kwenye msiba, na mvua ilikuwa haijajaza mto bado. Alikuja jioni ile ile. Alipapasa muundi wangu kwa vidole vinene vilivyokuwa vyepesi ajabu, akaniuliza jina la mdogo wangu, na nilipofungua mdomo kumjibu akavuta. Jina la mdogo wangu lilisikika mpaka kwa Wasukuma.

Kisha akayeyusha nta, akachanganya na mawese, akanipaka ikiwa vuguvugu. Juu yake akaweka mabanzi ya gome la mti, gome lile lile wanalotengenezea mizinga ya nyuki, akayafunga kwa vipande vya kanga kuukuu. Ndipo akasema, "Sasa leteni kuku."

Kama hamjui desturi hii, ni hivi. Mganga wa mifupa humvunja kuku mguu pale pale alipovunjika mgonjwa, akampaka dawa ile ile na kumfunga mabanzi madogo kama njiti. Kuku na mgonjwa wanauguzwa pamoja. Siku kuku atakapokanyaga na kuanza kuparua, mgonjwa naye hufunguliwa.

Mama akaleta tembe mwekundu. Sitasimulia alivyovunjwa, nilifumba macho. Mzee Lugwisha alipomaliza alimweka kwenye tenga karibu na mkeka wangu na kusema, "Huyu ndiye atakayewaambia. Mtu asifungue kabla hajaparua." Kesho yake akarudi kwao, na siku mbili baadaye mto ukajaa.

Nilimpa kuku jina la Pacha. Kila asubuhi nilichungulia tengani kabla sijanawa uso. Alivyolala ndivyo nilivyolala. Akila vizuri, nami niliomba uji zaidi. Mwalimu mkuu alikuwa ametuma ujumbe kwamba nisipofika darasa la kwanza kabla mwezi wa pili haujaisha, nitasubiri mwakani. Lakini sikuwaza shule sana. Niliwaza njia ya nyuma ya jiko, niliyozoea kupita kwa mguu wa kuigiza, na sasa nilijiuliza kama Mungu naye alikuwa miongoni mwa watazamaji. Niliogopa ningebaki nikichechemea kweli, tena bila mtu wa kunisahihisha. Tumaini langu lote nililiweka tengani.

Wiki ya tatu Pacha alianza kugusa chini kwa ncha za kucha. Wakati huo huo shangazi yangu Tausi, binti wa mwisho wa Bibi, aliyekulia mjini Tabora, alikuja kwa treni kutusalimia. Alikuwa mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia; asipopata kazi aliitafuta. Siku ya pili yake Mama alikuwa shambani kupalilia, Bibi amekwenda kumwona mzazi kwa jirani, nami nimelala. Tenga lilikuwa nyuma ya jiko, maana kila mchana Pacha alitolewa aote jua. Ndipo akabisha hodi mjomba wangu, kaka yake Mama, kutoka Kapalamsenga, na fungu la samaki wakavu, migebuka ya ziwani, begani.

Niliamshwa na harufu ya mchuzi. Mama alirudi, akakuta chungu kimeiva, akamshukuru wifi yake kwa kumwokoa na aibu. Bibi akarudi, akanawa. Nikaletewa sahani yangu mkekani, nikala kwa furaha, na ninakumbuka kabisa kwamba niliomba nyongeza.

Mjomba, kama mgeni, alikuwa amepewa paja na mguu wake. Alitafuna, akasita, akautoa mfupa mdomoni na kuugeuza kwenye mwanga.

"Jamani, kuku wenu huyu alikuwa mwanajeshi? Mfupa una fundo kama muwa!"

Mkono wa Bibi ulisimama juu ya ugali. "Tausi, umechinja kuku gani?"

"Si yule wa tengani, Mama. Aliyefungwa mguu."

"Aliyefungwa mguu!"

"Sasa kuku aliyefungwa mguu si wa mgeni? Tangu lini kuku akafungwa mguu kwa jambo jingine? Nimeona na vijiti, nikasema hawa wamefunga kwelikweli, huyu lazima alikuwa mkorofi."

Shangazi alikuwa na haki. Nchi nzima kuku wa mgeni hufungwa mguu asipotee. Mama alishika kichwa. Mjomba alikuwa bado ameuinua mfupa, hajui auweke wapi, mpaka Bibi alipomwambia, "Lete hapa, baba. Unakula dawa ya mtoto."

Ndipo nilipoelewa. Sikulia kwa sauti. Nilitazama mguu wangu ndani ya magome yake, nikaona wazi kabisa kwamba umekwisha kuliwa, tena nikiwa nimeomba nyongeza. Tangu saa ile nilikataa kutikisa hata kidole cha mguu. Mama alinibembeleza. Shangazi aliomba msamaha mpaka akalia yeye, akaahidi kumtafuta kuku mwingine, lakini wote tulijua kuku mwingine asingekuwa Pacha. Siku mbili nililala nimegeukia ukuta, na mtu akigusa mkeka nilipiga kelele. Kwangu mimi jambo lilikuwa limeisha: aliyetakiwa kusema ameliwa, na hakuna atakayesema tena.

Asubuhi ya tatu kitanda cha Bibi kilikuwa kitupu. Fimbo haikuwepo, wala mfupa aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa mwendo wa saa tatu hadi mtoni kwa mtu mwenye magoti mazima, na ng'ambo yake saa nyingine hadi kwa Mzee Lugwisha. Shangazi alitoka mbio kumfuata, lakini alichukua njia ya mkato, njia ambayo Bibi hakuiweza tena, wakapishana. Akarudi peke yake, amelowa.

Bibi alirejea kesho yake mchana juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ule ule wa Wasukuma. Walimshusha kama gunia la karanga. Magoti yalikuwa yamevimba mpaka kanga haikukaa sawa. Aliomba maji, akanywa taratibu, kikombe kizima, kisha akasema nisogezwe karibu.

"Mzee Lugwisha ameuona mfupa," akaniambia. "Amecheka sana. Anasema kuku alikuwa ameshapona, fundo ndiyo alama ya kupona. Ametangulia tu, kwa sababu mfupa wake ni mdogo. Wako ni mkubwa. Mahindi yakitoa ndevu, tunakufungua, unakanyaga. Mpaka hapo tikisa vidole kila siku, visisahau kazi."

"Mto uliuvukaje, Mama?" Mama akauliza.

"Kwani mto hauna watu?"

Nikatikisa vidole, vyote vitano.

Kuanzia hapo nililinda mahindi kama nilivyomlinda Pacha. Katikati ya Februari ndevu zikatoka, za kijani kwanza, kisha nyekundu. Bibi mwenyewe ndiye aliyekata vitambaa. Mguu ulitoka mwembamba, umekauka, una magamba na unanuka nta. Akanipa fimbo, akashika yake, tukazunguka uwanja, yeye akiguna upande huu nami nikiguna upande ule. Wiki ya mwisho ya mwezi niliingia darasani kwa miguu yangu. Nilichechemea mpaka Pasaka, halafu sikuchechemea tena.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinipiga picha ya mguu kwa sababu nyingine, akanionyesha fundo dogo kwenye muundi, karibu limekwisha kufutika. Alinieleza kwamba mfupa wa mtoto huunga haraka kuliko wa mtu mzima, na huu ulinyoka vizuri kwa bahati. Mimi mwanangu akianguka namkimbiza hospitali, sitafuti kuku. Daktari huyo huyo nilimweleza magoti ya Bibi, akasema gegedu la katikati ya mifupa lilikuwa limelika, mfupa unasagana na mfupa, na kwamba mtu wa hali ile hupaswa kutembea kidogo kidogo kila siku, si kutembea kutwa nzima kwenye matope.

Bibi alikuwa ameshafariki wakati huo. Nilikwenda kijijini, na kwa kuwa sijui kuacha jambo bila kuuliza, nikafika mtoni kumwona Mama Yuditha, mama ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi na ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya maji. Nilitaka aniambie nani alimvusha Bibi mwaka ule.

Alinishangaa. "Kuvuka? Hakuvuka, mwanangu. Maji yalikuwa yamechukua mpaka mtumbwi. Alifika hapa jioni, magoti kama maboga, akaketi pale. Alilia kidogo, usimwambie mtu. Halafu akafungua kanga, akatoa mfupa, tukaushika sisi wawili mpaka chakula kikapoa. Akaniuliza mtoto wangu alipovunjika mkono alikaa muda gani. Nikamwambia. Tukahesabu, tukaongeza siku za hofu, tukaona zinaangukia kwenye ndevu za mahindi."

Nikamuuliza kwa nini Bibi hakurudi akasema hivyo hivyo, kwamba wamepiga hesabu wao wawili.

"Nilimuuliza nami," akasema Mama Yuditha. "Akaniambia: mtoto anasubiri neno la Lugwisha. Nikirudi na langu, hatakanyaga."