Tulivyoshindania Sindano ya Akili Mwakitolyo

Niliondoka nyumbani Kagongwa kwa sababu ya sindano. Mwanangu Masanja anachimba dhahabu Mwakitolyo. Tangu shimo lilipomfukia akatolewa hai, husikia watu wanamwita, na watu wenyewe hawapo. Akichomwa sindano yake ya kila mwezi, ana akili kuliko baba yake. Akiikosa, anapanda juu ya bati kuwajibu hao wanaomwita. Na sindano iko Shinyanga mjini tu, nauli mtu aitoe wapi kila mwezi? Basi niliposikia serikali inapanga kusogeza matibabu ya akili kwenye zahanati za vijijini, na kwamba watu wa mkoa watakuja Mwakitolyo kuwauliza wananchi, nilijifunga khanga, nikakamata jogoo, nikaondoka.

Asubuhi, stendi ya Kagongwa, konda alitaka jogoo apandishwe juu na mizigo.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "huyu ni zawadi ya mkwe wangu. Panda wewe juu."

Jogoo alisafiri mapajani mwangu. Konda alinuna mpaka Shinyanga.

Kutoka Shinyanga mjini nilipata lori la Mhindi mmoja mwenye duka, lililokuwa linapeleka unga machimboni. Nilikaa juu ya magunia. Barabara ile ina mashimo kuliko machimbo yenyewe, na gunia moja lilipasuka. Tulipofika, mimi na jogoo tulikuwa weupe pepepe. Wajukuu zangu pacha, Kulwa na Doto, waliniona wakatimua mbio wakilia. Mama yao alicheka mpaka akakaa chini.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "umekuja au umefufuka?"

Jioni Masanja alikaa karibu nami. Alikuwa mzima, mpole.

"Mayu, kesho kwenye mkutano usinitaje. Wenzangu wakijua, nani atakubali kushuka shimoni na mimi? Na watoto hawa wanakula shimo hilo hilo."

Nikamwapia. Ulimi ukaanza kuniwasha hapo hapo.

Kesho yake, uwanja wa shule ulijaa. Upande mmoja walikaa wachimbaji, ambao kwenye ngoma ni Wagalu. Upande wa pili walikaa wa kijiji jirani, Wagika. Vikundi hivyo hushindana kucheza kila baada ya mavuno, na mashindano hayaishi ngoma ikiisha. Hata msibani wanaangaliana nani analia vizuri.

Afisa wa mkoa alikuwa dada kijana mwenye miwani. Akasema, "Tutaanza na zahanati moja. Je, kwenu kuna wagonjwa wa akili?"

Mzee wa Wagika akaruka. "Kwetu? Hata mmoja! Waulize wachimbaji."

"Kwetu hata nusu!" akajibu Nkwabi, kiongozi wa shimo la kina Masanja. "Sisi akili zimetuzidi, tunagawa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Afisa akafunga begi lake.

"Hongereni. Basi dawa tutawapelekea wanaozihitaji."

Mzee wa Wagika akakohoa. "Ngoja kidogo, mwanangu. Sasa nakumbuka. Tunaye mmoja."

"Sisi wawili!"

"Sisi wengi! Shemeji yangu anawaamkia mbuzi shikamoo!"

"Mbuzi tu? Kwetu mtu ana redio haina betri, na kila jioni anabishana na taarifa ya habari!"

Vigelegele vikapigwa upya. Afisa akavua miwani akaifuta.

"Huyo wa redio hana ugonjwa, ana raha zake. Nataka mtu asimame aseme: mimi natumia dawa, na naifuata mbali."

Kila mtu akakagua vidole vyake vya miguu. Mimi nilijaza khanga mdomoni, nikaing'ata, maana nilikuwa nimeapa. Masanja akanitazama, shavu limenivimba kama la mtu mwenye jino bovu. Akasimama.

"Ni mimi. Nachomwa sindano Shinyanga. Nikiikosa, napanda juu ya bati."

"Bati unatuambia sisi?" Nkwabi akasema. "Ngazi anakushikia nani kama si sisi?"

Watu wakaangua kicheko, na Masanja akacheka nao. Kisha Nkwabi akashusha sauti. "Afisa, mimi pia. Tangu siku ile ya shimo, mlango ukigongwa nadhani ni udongo unashuka. Niandike wa pili."

"Mnajaza Wagalu watupu!" mzee wa Wagika akapiga kelele. Akaenda nyuma, akamshika mkono binti yake aliyekaa amejifunika uso, akamleta mbele. Hapo foleni ikaanza, na kusukumana kukaanza.

Zahanati tukapewa. Muuguzi angekuja kila mwezi, na Wagika wangetibiwa hapo hapo kwetu, jambo lililowauma sana. Kesho yake Masanja alishuka shimoni, Nkwabi akiwa ametangulia.

Nilirudi Kagongwa bila jogoo. Nilichojifunza ni kwamba aibu inamkaa mtu wa kwanza tu. Wa pili anatafuta nafasi.

Jirani yangu Mama Shija alinipokea stendi. "Ulifuata nini huko?"

"Matibabu ya akili. Na mwanangu ndiye wa kwanza kwenye foleni," nikamjibu kwa maringo, kwa sauti, konda naye asikie.

Mama Shija akatazama kulia, akatazama kushoto, akanivuta nyuma ya kibanda cha tiketi.

"Hiyo foleni," akaninong'oneza, "huku kwetu inafika lini?"