Wazazi Wangu Kwenye Chumba cha Fungate

Nilipoajiriwa mapokezi, hoteli ilikuwa na vyumba kumi na vinne, bustani ya mawaridi, mabafu yenye maji ya moto, na mgeni mmoja. Mgeni mwenyewe alikuwa fundi wa jenereta. Alikuja kulitengeneza kwa siku moja, likazidi kuharibika, akabaki, akilala kwenye banda la jenereta.

Jengo lilikuwa nyumba ya zamani ya misheni, kilimani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kwetu Mpui. Lilijengwa kwa matofali ya kuchoma, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala dirishani asianguke upande wowote. Mapadre walishahamia parokia mpya tangu sijazaliwa. Baada yao likawa ghala la mahindi la ushirika, na ushirika ulipokufa likawa mali ya popo. Ndipo ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sokoni Sumbawanga yakaonekana mashati ya mitumba, betri za kila rangi, sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua, na mwisho akaonekana mwekezaji. Neno hilo lilikuwa jipya, na tulilitamka kwa uangalifu, kama jina la ugonjwa ambao daktari amekutajia kwa mara ya kwanza.

Mwekezaji wetu alitoka Dar es Salaam, mtu mpole, mwenye suti mbili na matumaini mengi. Sisi wafanyakazi tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa na ramani kubwa ukutani, na kwenye ramani hiyo Sumbawanga ilikuwa karibu na kila kitu: Ziwa Tanganyika vidole viwili, Ziwa Rukwa kidole kimoja, Zambia hapo tu. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa mstari mwekundu ulionyooka. Kwenye ramani mstari mwekundu hauna matope.

Alitufundisha kutembea bila kuburuza viatu na kutomwuliza mgeni habari za nyumbani kwake. Ugali wa ulezi aliupiga marufuku. "Mtalii hawezi kula kitu chenye rangi ile," alisema. Basi jikoni kulikuwa na tambi zilizovushwa kutoka Zambia, zikimsubiri mtalii, na sisi tulikula ulezi wetu nyuma ya jiko, tumesimama.

Miezi minane ikapita hivyo. Kila asubuhi nilipiga deki sakafu ambazo hakuna aliyezikanyaga, kisha nikakaa mapokezi na kuutazama ubao wa funguo. Funguo zote kumi na nne zilikuwepo daima.

Siku moja ikaja barua. Mheshimiwa mmoja kutoka wizarani angefika kuifungua hoteli rasmi, akifuatana na mwandishi wa redio. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akafurahi, kisha akautazama ubao wa funguo na furaha ikamtoka. Alituita wote bustanini.

"Hoteli haiwezi kufunguliwa ikiwa tupu," alisema. "Kila mmoja wenu alete wageni wawili. Watu wa heshima, wenye viatu."

Jumapili nikaenda nyumbani. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, baba ameegemea ukuta anaota jua. Nikawaamkia, nikakaa, nikamsaidia mama mahindi mawili matatu kabla ya kusema neno.

"Mama, bosi wetu anawaomba wewe na baba mje kulala hotelini siku mbili."

"Tumefanya nini?"

"Hamjafanya kitu. Mtakuwa wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wa hoteli."

Mama aliendelea kupukuchua. "Mgeni huwa wa mtu," alisema. "Hoteli si mtu."

Baba aliuliza kama kuna ugali. Nikamwambia kuna tambi. Akafikiri kwa muda, akasema atakula kabla ya kuondoka.

Nilidhani mama atakataa. Akauliza tu ni nyumba ipi hasa, ingawa alijua vizuri, na nilipomjibu akasema, "Haya, tutakuja." Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa najiona mtu wa mjini kwa sababu ya sketi ya sare.

Walifika kwa baiskeli, baba akikanyaga, mama amekaa nyuma kwenye keria na kanga zake mbili mpya. Mkurugenzi aliificha baiskeli haraka nyuma ya jiko. Wenzangu walikuwa wameleta kaka, mashemeji na mwalimu mkuu mmoja. Baba na mama tu ndio waliokuja mume na mke. Hivyo wakapewa chumba kikubwa kuliko vyote, chumba cha fungate, chenye kitanda cha kutosha watu watano na chandarua kama gauni la bibi harusi.

Nilitangulia na ufunguo. Nilipofungua, mama alisimama kizingitini, haingii.

"Hapa palikuwa na mlango mwingine," alisema, akaonyesha kabati.

"Unapajua?"

"Nililala humu miezi mitatu."

Ndipo akanieleza. Zamani zao, msichana aliyetaka kufunga ndoa kanisani aliletwa misheni kwanza, akae, ajifunze sala. Katika chumba kile walilala wasichana zaidi ya ishirini, kila mmoja na mkeka wake. Asubuhi mafundisho, mchana kuchota maji bondeni na kubeba matofali ya kanisa jipya. Ndoa haikutangazwa mpaka msichana ajue kila kitu kwa moyo. Mama alikwama kwenye Amri za Kanisa, akarudishwa mara mbili, na kila aliporudishwa matofali yaliongezeka.

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa upande wa pili wa kilima na wachumba wenzake, wanapasua kuni. Tulionana Jumapili tu, kanisani, yeye huku mimi kule. Kukanyaga ngazi za nyumba hii alikuwa haruhusiwi."

Baba alikuwa ameshaketi kitandani, anajaribu godoro kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe.

"Basi nimefika," alisema. "Nimechelewa miaka arobaini tu."

Mama akacheka, akaingia.

Mimi nilibaki pale nje na ufunguo mkononi. Sakafu ile niliijua ufa kwa ufa. Niliipiga deki kila siku kwa miezi minane, na nyumbani nilikuwa nikieleza habari za chandarua na mapazia, mama akinisikiliza na kusema "ehe, ehe." Hata mara moja sikuwa nimemwuliza neno.

Mheshimiwa alifika kesho yake saa nne asubuhi, magari matatu yamejaa matope hadi vioo. Mkurugenzi alikuwa amewagawia wageni wetu kazi. Mwalimu mkuu alikuwa mtafiti. Kaka wa mpishi alikuwa mtu wa madini. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mbeya, amekuja kupumzika na mkewe. Baba aliitikia kila alichoambiwa, kisha akaingia bafuni. Alikuwa amegundua maji ya moto tangu alfajiri, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu.

Msafara ulipita chumba kwa chumba, mwandishi wa redio akinyoosha kinasa sauti chake mbele ya kila mlango. Nilitangulia kubisha. Kwenye chumba cha fungate, kabla sijagonga mara ya pili, sauti ya baba ikasikika kutoka ndani kabisa: "Niko kwenye maji!"

Mama akafungua. Mheshimiwa, mtu mnene mwenye uso wa furaha, akainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mmetokea wapi?"

"Mbe..." alianza Mkurugenzi.

"Mpui hapo," alisema mama.

"Na mmekuja kwa shughuli gani?"

"Fungate."

Nilisikia maji yakimwagika bafuni. Mkurugenzi alinitazama mimi, kana kwamba mama nilimtengeneza mwenyewe.

"Tulioana kutokea humu, mwanangu," mama aliendelea, bila haraka yoyote, kwenye kinasa sauti. "Wakati ule hapakuwa na fungate. Siku ya ndoa tulitoka kanisani tukaenda kupalilia, mvua zilikuwa zimeshaanza. Sasa huyu binti yangu anafanya kazi hapa, bosi wake akatuita tuje tulale, nasi tukasema, twende tukaichukue."

Mheshimiwa alicheka hadi akatoa leso. Kisha akavaa ule uso wa hotuba, na akahutubia palepale ukumbini. Alisema wawekezaji wengine wanajenga kwa ajili ya wageni wa mbali, lakini huyu ameona mbele zaidi, amemlaza mkulima wa Mpui kwenye kitanda cha heshima. Alisema hoteli hii ni ya wananchi, na wananchi wasiogope kuja. Tulipiga makofi. Mkurugenzi alipiga kwa muda mrefu kuliko sisi sote, maana mtu anayesifiwa hadharani hana namna ya kukatiza.

Redio ilirusha maneno hayo mara mbili wiki ile.

Wa kwanza kuja alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake. Alikagua chumba, akaridhika nacho, akauliza ng'ombe watalala wapi. Nilipomwambia hatuna zizi, alisikitika kwa dhati, kwa ajili yetu. Nyumba kubwa namna hii, alisema, bila zizi.

Kisha wakaja wanawake. Niliwaona kutoka mapokezi wakipanda kilima kwa mstari, kumi na mmoja, wazee wote, kila mmoja na mkeka kichwani. Mbele yao alikuwa mama.

Mkurugenzi alichungulia, akaninong'oneza, "Dada, waambie vyumba vimejaa."

Nikautazama ubao nyuma yangu. "Bosi, funguo zote zinaonekana."

"Tumesikia redioni," mama alimwambia, baada ya salamu kwisha, na salamu za watu kumi na mmoja hazikwishi mapema. "Hawa wote walilala humu. Tunaomba chumba kimoja."

"Kimoja? Kwa watu kumi na mmoja?"

"Tulikuwa zaidi ya ishirini."

Mheshimiwa alikuwa amesema, na redio ilikuwa imesikika hadi Namanyere. Mkurugenzi alitoa ufunguo mwenyewe.

Waliinua godoro wakaliegemeza ukutani, kitanda wakakisukumia pembeni, wakatandika mikeka sakafuni. Mchana kutwa walibishana nani alilala wapi. Mmoja aliapa alikuwa karibu na dirisha. Wenzake wakamkatalia, wakasema dirishani alilala yule mwenye kikohozi. Nilipowapelekea chai nikataka kuweka sinia kwenye nafasi iliyobaki wazi karibu na mlango wa zamani.

"Hapo usiweke," mama aliniambia.

Nafasi ile ilikuwa ya rafiki yake, aliyefaulu sala zote mara ya kwanza na kumsomea mama Amri za Kanisa walipokuwa wakibeba matofali, mpaka zikamwingia. Aliolewa wa kwanza kati yao, akafa mwaka uleule na mtoto wake wa kwanza. Niliweka sinia kwingine. Nikakaa nao mpaka zamu yangu ikaisha, na hata ilipoisha sikuondoka.

Walikuwa wamekuja na unga wao wa ulezi, wakaingia jikoni bila kuomba ruhusa. Mkurugenzi alikwenda kuwaeleza sheria ya hoteli. Alikawia. Nilipomfuata nikamkuta amekaa kwenye kigoda, suti imekunjwa mikono, anamega.

Asubuhi, walipokuwa wakikunja mikeka, aliwapiga picha. Mtu huyo hakuwa mjinga. Picha ilitokea baadaye kwenye kijikaratasi cha matangazo alichokisambaza hadi ng'ambo, na chini yake pameandikwa kwamba hao ni akina mama wa kabila la hapa wakiusubiri mwezi mpya.

Msimu wa mavuno uliofuata, watalii wawili, mume na mke, walitokea upande wa Zambia na gari lao, wameshika karatasi hiyo. Walikuwa wa kwanza kabisa. Waliuliza akina mama wataanza kusubiri saa ngapi. Mkurugenzi alinituma Mpui mbio kwa pikipiki.

Nilimkuta mama shambani, hana muda hata wa kuitikia shikamoo vizuri.

"Waambie mwezi huu tunavuna," alisema.

Nikawaambia. Wakasema watangoja. Siku ya tatu wakachoka kungoja, wakaomba niwapeleke. Mama aliwatazama, akawapa kila mmoja kikapu na mstari wake wa mahindi. Jioni walirudi hotelini na malengelenge viganjani, wakasema safari nzima hawakuona siku nzuri kama hiyo. Mama naye aliniambia kwamba yule mwanamke hajui kuvunja hindi, lakini hachoki, na hilo ni jambo.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya chuo cha ualimu, nikaacha kazi. Hoteli iliendelea kidogo, kisha ikachukuliwa na watu wa semina, ambao hawajali barabara kwa sababu magari si yao. Mkurugenzi alirudi Dar es Salaam. Alipopita Mpui kuaga, mama alimfungia debe la unga wa ulezi, naye akalipakia mwenyewe, kiti cha mbele.