Nakula, Nakura

Soko huria lilipofika Mwanza, mimi nililijua kwa pua. Harufu ya maboksi mapya ya televisheni, yaliyotupwa nyuma ya maduka, ilishinda hata ya dagaa wa soko la Mwaloni. Likizo moja kaka yangu Masanja alibeba boksi hadi uani kwetu Kirumba, akalipasua, nasi tukachora juu yake anga nzima kwa mkaa: nyota, na njia za kutoka nyota hadi nyota. Vizibo vya soda vikawa vyombo vya angani. Tulicheza kwa zamu, kama drafti. Kabla ya kugusa kizibo ulitaja hatua yako: "naruka" kama unahama nyota, "nakula" kama unateka chombo cha mwenzako. Na kula kulikuwa lazima. Ukiacha, chombo chako kinatolewa.

Mimi nilikuwa refa, na kwa kunasa wizi nilikuwa na jicho la mwewe. Aliyeruka nyota mbili kwa zamu moja, aliyepiga chafya ili kizibo kisogee, aliyekalia kizibo kilicholiwa ili akirudishe baadaye, wote niliwaumbua. Nilijiona hakimu wa ulimwengu.

Ndipo akaja Nyanjura kutoka Nansio, kisiwani, kukaa kwa shangazi yake, jirani yetu, baada ya kumzika mama yake. Alitushinda wote. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mshindi wa likizo ndiye ataipa jina nyota kubwa ya katikati. Aliniambia mimi peke yangu, tukichambua mchele, kwamba ataipa jina la mama yake.

Siku ya mwisho walibaki wawili, yeye na Masanja. Akaona kizibo cha Masanja kiko wazi, akasema kama walivyosema kwao, "Nakura."

"Anapiga kura!" Masanja akapaza sauti. "Refa, huyu anapiga kura! Wewe dada wa Nansio, vyama vingi havijafika kwenye nyota!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nami, kwa raha ya kuchekesha watu, nikatamka: "Hatua batili. Neno halijatajwa, kwa hiyo hujala. Toa chombo chako."

Akajaribu tena, polepole. "Nakura." Tukacheka hadi tukagaagaa. Basi Masanja akaushika ufunguo: kila zamu alimsogezea kizibo makusudi, kiliwe. Nyanjura akisema, nabatilisha; akinyamaza, ameacha kula. Vyombo vyake viliisha hivyo, kimoja kimoja. Na Masanja mchana kutwa alikuwa akisema "naluka", kama Wasukuma wote tulivyosema pale, wala masikio yangu hayakusikia. Mkuki kwa nguruwe.

"Lakini unajua nimesema nini," Nyanjura aliniambia mimi, si Masanja.

"Sheria ni sheria, Mama Kura."

Masanja akachukua mkaa, akaiandika nyota ya katikati: KURA.

Siku hizi mpwa wangu anacheza vita vya nyota kwenye simu. Ukikosea hatua, simu inakataa kimya, haikucheki. Nilikuwa nikisema kwa furaha kwamba watoto wa sasa wana bahati, mpaka mwaka jana nilipovuka kwenda Nansio, nikaingia kibanda cha mama lishe karibu na gati. Alikuwa Nyanjura. Hakunijua, au hakutaka. Nilikaa saa nzima nikisikiliza. "Ugari" alisema, "wari" alisema, bila wasiwasi, kama wote pale. Neno moja tu alilizunguka, lile la uani kwetu. Kwa kila mteja: "Karibu. Utatumia nini?"

Nilipoisukuma sahani, akaja kuichukua.

"Umeshiba?" akaniuliza.